Nilivyoifundisha pampu yangu kuniombea soda, ikaja kunigeuka harusini Masuguru

Jumapili iliyopita, saa nane na robo mchana, Masuguru, Korogwe. Saa niliisoma kwenye kioo cha pampu yangu, kwa hiyo kwenye muda msibishane na mimi.

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Huwa nasoma tu humu, sijawahi kuandika. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo ila linaishia kooni. Lakini diary naandika kila siku, na haya yote nimeyatoa humo. Chumvi sijaongeza. Sukari ndiyo iliyoongezwa, mtaona.

Niko kidato cha nne na nina kisukari, kile cha tangu utotoni ambacho mwili hautengenezi insulini kabisa. Zamani nilikuwa najichoma sindano mara nne kwa siku. Bwenini wakaniita Teja, kama mla unga. Sio kwa ubaya, ila jaribu wewe kuitwa Teja kwenye foleni ya uji.

Mwaka huu kliniki ninayohudhuria ikapata pampu chache za kuvaa, moja nikapewa mimi.

Iko hivi. Nyuma ya mkono, juu, kuna kidude kimebandikwa, kina kiuzi kilichoingia chini ya ngozi. Hicho ndicho sensor. Kinapima sukari kila baada ya dakika chache na kutuma namba kwenye pampu iliyoko kiunoni. Sukari ikipanda, pampu inaongeza insulini yenyewe. Ikishuka, inaacha kutoa, halafu inalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake.

Nesi wa kliniki, tumwite Nesi Rehema, alinipa kwa sharti.

"Wanaoisubiri ni wengi. Nikijua unaichezea, inarudi hapa na anapewa mwenzio."

Pampu ikirudi, sindano zinarudi, na Teja anarudi. Hilo mlikumbuke.

Likizo hii nilikuwa kwa Bibi, mzaa mama, pale Chanika, Handeni. Nesi alikuwa amemfundisha jambo moja tu: ikilia kwa kushuka, mpe soda haraka. Bibi akalishika kama sheria ya nchi.

Siku moja nimeegemea fremu ya mlango nasoma, mkono wenye sensor umebanwa. Kama robo saa hivi, pampu ikalia. Nimeshuka. Nikashangaa, mbona mwili mzima? Nikajitoboa kidole, nikapima kwa kile kipimo cha kawaida cha tone la damu. Saba. Mzima kabisa.

Kumbe ukiugandamiza mkono, sensor inachanganyikiwa, inasoma chini.

Kufikia hapo Bibi ameshatoka dukani na soda ya chungwa, baridi, chupa inatoa jasho. Mngekuwa nyie mngesemaje?

Nikanywa. Ila kwanza Bibi alimimina nusu kwenye kikombe chake. "Nionje kama haijaharibika." Naye daktari alishamkataza soda.

Basi ikawa mchezo. Mara sita ndani ya likizo. Naegemea mlango, kifaranga kinalia, Bibi anakwenda dukani mbio na ndala zake.

Diary siidanganyi, kwa hiyo kila mara niliandika namba mbili, ya sensor na ya kidole, na chini yake: nusu kanywa Bibi. Niliandika pia kilichofuata, maana soda bila kushuka kwa kweli ilinipandisha hadi kumi na saba, nikawa mtu wa kwenda chooni na kurudi. Nilistahili.

Lakini katika wizi huo nikajifunza sura ya uongo. Ukigandamiza, mstari kwenye kioo unadondoka kama jiwe, ukiachia unarudi ghafla. Kushuka kwa kweli kunakwenda taratibu, kama mtu anateremka kilima na ndoo kichwani. Na mwili unatoa ushahidi: jasho, mikono kucheza, njaa isiyo na adabu.

Sasa turudi Masuguru. Harusi ilikuwa ya binti wa mama yangu mdogo. Asubuhi kichwa kiliniuma, mama mdogo akanipa paracetamol mbili, nikameza kwa chai ya rangi isiyo na sukari na kipande cha muhogo. Pilau likachelewa. Nikawekwa na wanawake uani, nikate kachumbari.

Saa nane na robo natazama kioo: kumi na nne, mshale unaelekea juu. Pampu inamwaga insulini.

Kumi na nne ya nini? Kwa muhogo ule?

Hapo nikaona kisu kinacheza mkononi. Shingoni jasho, na tulikuwa kivulini. Mwili unasema umeshuka, mashine inasema umepanda. Mmoja kati yao ni mwongo, na safari hii sio mimi.

Nikabonyeza kuisimamisha pampu. Kipimo cha kidole kilikuwa kwenye begi, begi chumbani kwa bi harusi, na chumba somo wake, yule mama anayemfunda, amekifunga kwa ndani, anamsinga mwali kwa manukato. Somo akishafunga mlango hafungui hata kwa mama mzazi.

Zikabaki soda. Makreti yote mawili yalikuwa chini ya Mzee Mihayo.

Huyu ni jirani wa mama mdogo, Mnyamwezi, baba yake alikuja kukata mkonge. Sisi Wazigua na wao ni watani, na harusini mtani akiamua kukalia kitu chako, kimekaliwa. Alikuwa ameketi juu ya kreti, miguu kwenye la pili.

"Mzigua hapati soda hapa," anatangaza, "mpaka akiri hadharani kwamba pilau kafundishwa na Mnyamwezi."

Nikamwendea Bibi kwanza. "Bibi, nimeshuka. Naomba soda."

Akachungulia kiunoni kwangu. Kusoma hajui sana, ila namba anazijua. "Mke mwenzangu, hapa pameandikwa kumi na nne. Soda ya nini? Ngoja uolewe na wewe."

Wanawake wakacheka. Bibi na mjukuu nao ni watani, kila mtu anajua. Kwa hiyo neno langu kwa Bibi halikuwa na uzito wa pamba.

"Bibi, mashine inadanganya."

"Inadanganya mashine, au wewe?"

Wakuu, nilimfundisha mwenyewe. Likizo nzima nimemzoesha kuiamini mashine kuliko uso wangu.

Uani palikuwa na watu kama arobaini. Mimi sijawahi kupaza sauti mbele ya kumi. Macho yakaanza kuona vinyota, nikajua nikisubiri dakika tano zaidi sitakuwa na sauti ya kupaza.

Nikapaza.

"Bibi, hii mashine inadanganyika! Nimeidanganya mimi mara sita. Zile soda zote za Chanika, nilikuwa naegemea mlango. Ndio maana naijua ikisema uongo. Sasa hivi inasema uongo, na mimi naanguka."

Hata mwiko wa pilau ulisimama.

Nikamgeukia Mzee Mihayo. "Na pilau tumefundishwa na Wanyamwezi."

Alishainuka. "Utani umekwisha," akasema. "Mtazameni midomo huyu mtoto." Akafungua chupa kwa meno, akanishika kisogo, akaninywesha kama ndama. Halafu akaenda kuugonga mlango wa bi harusi mpaka somo akafungua.

Kidole, baada ya nusu chupa: mbili nukta nane. Sensor: kumi na tano, mshale juu. Nikamaliza chupa, na nyingine. Baada ya robo saa kidole kikasema tano. Pampu nikaiacha imesimama, pilau nikala kwa sindano, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniita Teja. Mzee Mihayo aliniita mwanafunzi wake wa pilau.

Jioni Bibi akanivuta pembeni.

"Umesema sita. Zilikuwa saba."

"Bibi, ile ya siku ya mvua nililalia mkono, haikuwa kusudi."

"Lakini tulikunywa."

Alijua. Siku zote alijua. Alikunywa nusu yake akanyamaza, na ndio maana Jumapili alidhani namletea mchezo ule ule. "Mwanangu, mimi ningekuua kwa soda za bure," akasema, na hapo hakuniita mke mwenza.

Nilichojifunza ni kwamba namba ya kwenye kioo ni maneno ya mtu mmoja tu. Mwili ukisema vingine, au namba ikitembea bila sababu, kidole kwanza, na kipimo kisiwekwe chumba chenye somo. Mwenye mtoto au ndugu anayevaa kitu hiki aniambie hapa chini kilishawahi kumdanganya vipi. Wanyamwezi mliomo humu, lile la pilau nililisema nikiwa mbili nukta nane, halihesabiki.

Asubuhi yake, Jumatatu, niliamka mapema nikakaa kibarazani na diary na kalamu nyeusi. Niliamua kumpa Nesi Rehema kurasa zote, achukue pampu kama ni kuchukua. Ila kwanza nilipita kila palipoandikwa "nusu kanywa Bibi", nikapafuta mpaka karatasi ikalowa wino. Bibi alikuwa mlangoni anafunga kanga.

"Wino umetosha?" akauliza.

Kliniki tulikwenda wote wawili, na nesi alisoma muda mrefu. Akaniuliza nilimeza dawa gani Jumapili. Nilipotaja paracetamol akafumba macho, akasema sensor za aina hii huidhania ni sukari, na kwamba alisahau kuniambia. Akafungua kumbukumbu ya pampu, akalinganisha mistari yangu ya uongo na ule wa Jumapili, mmoja mmoja.

"Pampu inabaki," akasema. "Diary naiazima, niwaonyeshe wenzangu. Ila ukiegemea mlango tena..."

Kisha akainua kurasa kwenye mwanga wa dirisha. "Na hapa ulifuta nini, mara saba?"

Bibi akakohoa.

Nikamwambia mwandiko ulikuwa mbaya.