Bingwa wa Bao wa Makorora

Kombo ni fundi baiskeli wa hapa Makorora, na kwa miaka yote niliyomjua hakuna aliyecheza bao vibaya kumshinda. Mwaka huu, baada ya Idi, mshipa mdogo wa damu kichwani mwake uliziba. Kutembea na kusema vilirudi upesi, ila mkono wa kulia ukabaki mzito. Hospitali walimwambia nguvu zitarudi polepole, mradi kila siku aokote kunde moja moja kwa mkono ule. Tena asiudhiwe, kwa sababu ya presha.

Mkewe, Asmahani, alilishika hilo la mwisho. Alipita barazani akatuonya kuwa atakayemuudhi mumewe atamtambua yeye ni nani. Tulikuwa tunamtambua tayari. Kwa hiyo Kombo aliporudi kwenye bao, vidole vikiachia kete mbili mahali pa moja, sisi tulitazama barabarani. Akikosea shimo, tulimsifu. Alitufunga sote, hata Masoud, ambaye kufungwa kwake ni habari ya mtaa mzima.

Haikupita muda akaanza kutembea kifua mbele. Alimweleza mkewe kwamba ule mshipa ndio uliokuwa ukimzibia akili. Bakuli la kunde akalirudisha jikoni. Bingwa haokoti kunde. Asmahani aliona mkono unarudi nyuma, vikombe vinamponyoka, lakini angesemaje, naye ndiye aliyekataza audhiwe?

Ndipo akaja Zubeiri kutoka Maramba, binamu yake Kombo, na mabinamu kwetu hawastahiani. Asmahani alimpokea ndizi zake, akamleta barazani mwenyewe, wala hakumwonya.

Kete mbili zilipoangukia shimo moja, Zubeiri aliuzuia ule mkono.

"Rudisha moja, binamu. Hizi kete, si pilau ya harusi."

"Hawa wote nimewafunga."

"Hawa wanamwogopa mkeo. Mimi nitalala Maramba."

Kombo akatuangalia. Masoud akashikwa na kikohozi.

Mchezo uliisha kabla chai haijapoa, na Zubeiri akamtolea kejeli zote ambazo sisi tulikuwa tumezimeza tangu augue. Kombo alimsikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono wake, kisha akainuka kwenda jikoni kuuliza bakuli la kunde liko wapi.

"Kunde tulizila jana," Asmahani alimjibu. "Kaa hapo, uokote mbaazi."