Wageni Wasiopewa Akamwani

Mwalimu Ildefons wa Izigo alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na hata sasa ukipiga mwayo mbele yake umekwisha. Atakueleza kwamba kadiri unavyokaa macho, adenosini inajikusanya ubongoni na kuziambia seli zipumzike. Lakini ukitafuna kahawa, yenyewe inawahi kiti cha adenosini, na usingizi unakosa pa kukaa. Yeye kiti hicho hakukiacha wazi hata siku moja. Akamwani, zile buni kavu za kutafuna, hazikutoka shavuni mwake.

Basi Rwekaza wa Nshamba akatuma wazee kumposa binti wa Mwalimu, Evelyne. Rwekaza huyu Mwalimu alimfundisha, na aliwahi kumfukuza darasani kwa kusinzia.

"Mtu anayesinzia mbele ya wakubwa atatunza mke?" aliuliza. Akaapa kuwakatalia kwa mdomo wake mwenyewe, na ili waanze kuionja hapana kabla haijasemwa, akakataza wasipewe akamwani.

Mkewe Klaudia alishika kiuno. "Mgeni akose akamwani? Hata mwizi tungempa."

"Hakuna. Hata mimi sitafuni." Maana mwenyeji ndiye hutafuna kwanza, na kutafuna peke yake mbele ya wageni, hapo hata yeye aliona haya.

Siku ilipofika aliamka kichwa kinamgonga, na mafua juu. Evelyne, muuguzi mjini Bukoba, akampa piritoni. "Meza, tata," alimwambia baba yake, "usije ukawapigia wageni chafya." Akameza.

Mchana wageni wakaketi. Msemaji wao, mzee Buberwa, akaanza mbali, akapita kwa mababu, akasalimia hadi migomba. Hatimaye akasema kwa heshima, "Waitu Mwalimu, tunaomba mtoto."

Kichwa cha Mwalimu kikashuka taratibu, kikapanda, kikashuka tena.

Klaudia, anayemjua mumewe akilala na akiwa macho, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Mwalimu alizinduka mkono wake ukiwa tayari ndani ya mkono wa Buberwa. Angesemaje? Kwamba alisinzia mbele ya wakwe? Akacheka nao. Moyoni alichemka.

Wageni walipoondoka akamwita Evelyne. "Dawa yako inaleta usingizi."

"Inazuia histamini, tata. Puani inakausha mafua, lakini ubongoni histamini ndiyo inayotuweka macho."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Siku ile uliyomfukuza Rwekaza."