Nilivyorudi Kuchora Miguu ya Watu

Kuanzia Dongobesh mpaka Katesh, ukikuta ukuta umechorwa mtu na ukamtambua, jua huo ni mkono wangu. Wapo wengine wanaochora, sikatai, lakini watu wao huwezi kuwatambua hata ukiandikiwa majina yao chini. Mimi sikufundishwa na mtu na sikupewa mtaji na mtu. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimalizia nje ya darasa, kwa sababu nilimchora mwalimu mkuu jinsi anavyosinzia ofisini, nikamchora vizuri mno.

Nilianza na mkaa na karatasi za mifuko ya saruji. Siku za mnada nilikuwa nakaa chini naangalia watu tu. Mwenye bucha alikuwa na tumbo linaloingia dukani kabla yake. Nikalichora lilivyo kwenye ukuta wake. Yeye alinuna, mke wake akacheka mpaka akashika mlango, na wateja wakaongezeka. Fundi cherehani mmoja alikuwa akitunga uzi lazima afumbe jicho la kushoto, na mimi nikamchora hivyo hivyo, jicho limefumbwa. Watu wakawa wanakuja kuulizia yule fundi anayefumba jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtu anasimama mbele yako, unamwangalia mpaka unamjua, unamchora, na anayepita anasema, "Ahaa, kumbe ni huyu!"

Halafu zikaja simu. Kinyozi anakuja na simu mkononi, ananionyesha mchezaji mpira wa Ulaya: "Fundi, nichoree huyu." Nikachora. Kinyozi wa pili naye, huyo huyo. Ikafika mahali Dongobesh nzima ina vichwa vya watu ambao hawajawahi kunyolewa Dongobesh na hawatanyolewa. Na mtu akitaka kuchorwa yeye mwenyewe, analeta picha ambayo simu imeshamtengeneza, ngozi imekuwa kama yai lililomenywa. Namwambia, "Kaa pale kwenye kigoda nikuangalie." Ananijibu, "Sasa fundi, mimi unaniangalia nini? Picha si hii hapa?" Akikubali kukaa, simu inalia, shingo inapinda. Kama ningeendelea kuchora nilichokuwa nakiona, kuta zote zingejaa visogo.

Mwisho akaja jirani yangu ng'ambo ya barabara na mashine ya kuprinti mabango ya plastiki. Bango lake la kwanza lilikuwa na mwanamke anayecheka, meno yote nje. Alikuwa wa saluni. Baada ya muda nikamkuta kwenye duka la dawa amevaa koti jeupe. Nikamkuta tena kwenye duka la mbolea, anacheka na hindi mkononi. Nikamkuta chekechea, anacheka na watoto. Siku moja mama mmoja mfugaji aliyekuja kuuza samli alisimama akaangalia mabango yote ya barabarani, moja baada ya jingine, akaniuliza:

"Huyu ni mke wa nani?"

"Simjui, mama."

"Kila kazi ya hapa mjini anafanya yeye. Sasa kwake anakamua nani?"

Jirani yangu alikuwa ananikejeli kila asubuhi akifungua duka: "Mzee, utapaka rangi mpaka lini? Mimi nabonyeza tu." Nikamwambia abonyeze, umeme ukikatika tutaonana.

Nilichokuwa nimekigundua, na yeye hajakigundua mpaka leo, ni kwamba watu wote wa mabango yake walikuwa hawana miguu. Wanaishia kifuani, kama waliozama.

Basi, kiangazi kimoja akanijia mama mmoja kutoka Balangdalalu. Alikuwa amefungua duka la dawa za mifugo. Kwao ni juu huku Mbulu, wakulima wa vitunguu saumu, na kaka zake walikuwa wamemwambia wazi kwamba biashara ya mwanamke kwenye nchi ya wafugaji haitavuka mwaka. Bango alikuwa ameprintiwa na jirani yangu: mzungu wa kofia kubwa amekumbatia ng'ombe wa madoa, ng'ombe mnene kama trekta. Na duka halikuwa linaingiwa na mtu.

"Wanapita tu, fundi. Wanaangalia lile bango wanaendelea mpaka Katesh. Nikamuuliza mmoja, baba, mbona unapita? Akaniambia dawa hii ni ya ng'ombe wanaolala ndani, zangu wanalala nje."

"Sasa unataka nini?"

"Dawa zangu zinakaribia kuisha muda. Mnada huu nisipouza nafunga, narudi kupalilia vitunguu vya kaka zangu. Jembe langu wameshalitia na mpini. Nimeambiwa wewe zamani ulikuwa unachora watu."

"Zamani?" nikamwambia. "Mama, mimi sikuacha kuchora watu. Watu ndio walioacha kuchorwa."

Nikapakia makopo yangu ya rangi kwenye pikipiki, tukashuka mpaka dukani kwake. Mama alikuwa amemwomba mzee mmoja wa kijiji cha Hirbadaw asimame achorwe ukutani. Mzee huyo alikuwa anajulikana pale pote kwa ng'ombe. Alikuja na shuka lake jeusi na fimbo yake, akasimama kwenye jua mahali nilipomwonyesha, hakuuliza atasimama mpaka saa ngapi. Nikashika brashi nikamkazia macho, kama kazi inavyotaka.

"Kijana," akasema, "unataka kuninunua?"

"Hapana, mzee."

"Mnadani ndiyo wanaangalia hivyo. Ng'ombe anaangaliwa hivyo. Mimi ukininyanyulia macho, niamkie."

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na sharti lilikuwa hilo. Nikainua macho: "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Nikapiga mstari mmoja. Nikainua tena: "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Ng'ombe hawajambo?" "Sina ng'ombe, mzee." "Mbuzi?" "Sina." Akaniangalia yeye sasa, kutoka juu mpaka chini, kwa muda mrefu, wala hakuniamkia. Kidevu chake kilikuwa kinapanda kila marahaba, mdomo unafunguka, kwa hiyo ikabidi nijifunze kumwahi katikati ya marahaba moja na nyingine. Nani mwingine angeweza? Mashine ya jirani yangu ingeamkia?

Kichwa kilipoisha nilirudi nyuma nikafurahi. Mzee akasogea akajiangalia.

"Huyu anacheka nini?"

"Nimemchora amechangamka, mzee. Mabango ya siku hizi wote wanacheka."

"Ng'ombe zake wameuzwa? Amelewa? Mfute."

Nikafuta meno kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikamfunga mdomo. Alipofungwa mdomo ndipo akafanana, na hilo nililiona mimi mwenyewe, sikuambiwa. Mabega nikayapata, fimbo nikaipata, masikio yake yale yaliyotobolewa na kuvutika nikayapata mpaka mama wa duka akapiga makofi. Kisha nikashuka chini ya goti, na mkono ukasimama. Kwa miaka yote ile ya vichwa vya simu hakuna aliyeniomba mguu. Nilichora mguu wa kwanza, ukawa kama muhogo. Wa pili ukawa muhogo wa upande wa pili. Mtu mwenye akili hupata njia: nikapaka majani marefu ya kijani, mazuri kweli kweli, yakafunika mpaka kwenye mashavu ya miguu.

Mzee akaja tena. Akayaangalia yale majani.

"Haya yako wapi?"

"Ni pambo tu, mzee."

"Nionyeshe yalipo, nikalishe. Kwangu hakuna jani."

Mama wa duka hakucheka. Alinivuta pembeni. "Fundi, mnada ni kesho. Wafugaji wakiona majani hayo kiangazi hiki watasema ni yule yule mzungu, amevalishwa shuka. Kama huwezi miguu, niambie sasa hivi."

Sijawahi kuambiwa siwezi nikanyamaza. Nikayafuta majani. Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mzee, nikaweka uso wangu karibu na miguu yake kama mtu anayetafuta sindano, na safari hii hakudai shikamoo, nadhani kwa sababu nilikuwa tayari nimepiga magoti. Nikaona kwamba hasimami kwa miguu yote miwili. Uzito wote ulikuwa kulia, kushoto alikuwa amekupumzisha tu, kisigino kimeinuka kidogo. Viatu vya matairi vilikuwa vimeliwa upande wa nje. Kidole kikubwa cha kushoto kilikuwa bapa, kimeangalia pembeni.

"Hiki kilifanywaje, mzee?"

"Dume lilikanyaga. Lilikuwa dume zuri." Akaongeza, "Kichore kilivyo. Usikinyooshe."

Nikakichora kilivyo. Nilianza na kile kidole, nikapanda kisigino, nikapanda goti, na mguu ukanijia wote, mkavu, wenye vumbi, umemshika mtu wake. Jua lilipokuwa linashuka, mzee alizunguka mbele ya ukuta mara kadhaa, akatema mate pembeni, akasema, "Sasa anaweza kutembea." Akaenda zake.

Asubuhi ya mnada bango la mzungu lilikuwa limeshatolewa, mama amefunikia magunia. Kundi la kwanza la ng'ombe likapita. Vijana wawili wakasimama. Mmoja aliinama, hakuangalia uso kwanza.

"We, hiki kidole si cha yule mzee wa Hirbadaw?"

"Ndicho! Muone alivyosimama. Na fimbo yake."

Wakaongezeka. Wengine wakasema mguu wa kulia ni mrefu, wengine wakasema ndivyo ulivyo, mmoja akataka kupimana na ukuta. Kelele ikamfikia mzee mwingine wa Balangdalalu hapo hapo, mwenye ng'ombe wengi, ambaye na yule wa Hirbadaw hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua. Akaangalia ukuta, akaingia dukani moja kwa moja, na waliokuwa naye wakamfuata ndani.

"Nani kakwambia huyu ndiye anajua ng'ombe?"

"Shikamoo, baba," mama akasema. "Hakuna aliyeniambia. Ng'ombe zako wanaumwa nini?"

"Zangu hawaumwi."

"Sawa, baba."

Akazungusha macho kidogo kwenye makopo. "Minyoo labda. Ndama. Kidogo."

Alinunua dawa ya minyoo, akanunua na ya kupe, na aliofuatana nao hawakutaka kuonekana hawana ndama. Halafu akatoka nje, akaenda kwenye ukuta wa upande wa pili ambao ulikuwa mtupu, akaegemeza fimbo begani, akapeleka uzito mguu mmoja. Hakuniomba. Aliniangalia tu, na watu wake wote wakasimama kumzunguka, wale walio mbele wanaangalia, wale walio nyuma wanaingia dukani kukwepa jua, wanatoka na dawa.

Nikafungua kopo. Mama wa duka akatokeza mlangoni, jasho linamtoka, chupa za dawa kwapani, akaninong'oneza:

"Fundi, huyu usimmalize leo."

Fundi mwingine asingeelewa. Mimi nilichora sikio moja mpaka mnada ukafungwa.