Chupa Niliyoifungua Mapema

Kosa langu la kwanza katika mambo ya divai lilikuwa kufungua chupa kabla wageni hawajafika. Mtu yeyote aliyekulia mjini Baraka angenikataza. Kwetu kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya atakayekinywa, na mwenye nyumba hunywa wa kwanza, ili watu waone kwamba hakuna sumu. Nilijua hilo tangu utotoni. Lakini divai nilijifundisha peke yangu kwenye simu, na simu ilisema nyekundu ifunguliwe saa moja kabla, ipate hewa.

Siku hiyo familia ya mchumba wa dada yangu ilikuwa inatoka Swima kuja kuzungumza mahari. Baba alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuwapokea. Mama hanywi, kanisa lake linakataza. Dada aliniomba jambo moja tu: "Leo usijifanye mujuaji. Bakikasirika bataenda, na habatarudi."

Nilikuwa na chupa ya Uhispania niliyoinunua Uvira. Nakiri kwamba sikuiamini. Karatasi yake ilikuwa imebandikwa kombo, na muuzaji alikubali bei yangu bila kubishana. Kwa hiyo nilipoizibua jikoni asubuhi ile, hewa ilikuwa kisingizio. Nilitaka kuhakikisha si maji ya rangi. Nilionja na kipande cha kuhe, samaki wa ziwani, wa kukaanga, mdomo ukajaa ladha ya msumari. Nikaonja tena na mbuzi wa kuchoma, hasa penye mafuta. Ule ukali ukalegea, ikaja ladha ya matunda yaliyoiva sana, na moshi kidogo. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema samaki aondolewe mezani. Mama akashangaa: wageni wa ziwani, bila samaki?

Wageni wakaketi. Msemaji wao, baba mkubwa wa mchumba, aliiona chupa kabla hajaniona mimi.

"Hii chupa ilifunguliwa na nani?"

"Ni mi, baba. Ili ipumue."

"Ipumue?" Akawageukia wenzake. "Kumbe pombe ya hapa iko na mapafu!"

Walicheka, lakini hakuna aliyegusa glasi.

"Basi onja, mwana yangu."

Hapo nikaharibu kabisa. Nilizungusha divai kwenye glasi, nikanusa, nikaivuta mdomoni, halafu, kama nilivyoona wataalamu wakifanya kwenye video, nikaitema katika bakuli la kunawia.

Akina mama wawili waliokuja na mzee wakasimama.

"Ameitema! Mulimuona?"

"Tuondoke. Hapa hata maji sinywe."

Dada alikuwa mlangoni na sahani ya bugali. Alinitazama tu.

"Baba, nilikuwa nadanganya," nikamwambia mzee. "Niliifungua juu ya kuogopa ni ya bandia. Sikumuamini mwenye aliniuzia. Nilitaka kuiona kwanza."

Mzee akanipima kwa macho.

"Sasa hayo nayasikia. Muntu wa kushuku tunamujua. Muntu wa kupumuisha pombe hatumujue. Kunywa. Yote. Na usiteme."

Nikanywa glasi nzima bila kunusa. Wote wakakaa wakiniangalia. Jasho likanitoka, la woga tu, na mmoja wa wale akina mama akanong'ona, "Ona, inaanza." Mzee hakunywa. Alikula mbuzi polepole, sahani nzima, macho yake usoni pangu kila alipotafuna. Alipomaliza akanimiminia nusu glasi nyingine, akangoja niimeze, ndipo akajimiminia mwenyewe na kunywa juu ya mafuta ya nyama.

"Iko kali," akasema. "Lakini na mbuzi inakubali." Akaangalia meza. "Na samaki? Ao nayo inapumua?"

Dada alicheka kwa sauti, akakimbia jikoni kumleta kuhe. Mazungumzo ya mahari yakaanza mzee akiwa bado na mfupa mkononi. Chupa ile hakuiacha ipite upande wa wenzake mpaka nilipokunywa mara ya tatu.

Dada ameolewa, anaishi Swima. Mimi bado naonja divai, na bado nashuku kila chupa. Lakini siku hizi sifungui chupa kabla wageni hawajaketi, nakunywa wa kwanza mbele yao, na ninachoonja nakimeza.