Chombo Chochote

Ukinisikia leo namwambia mwanafunzi "andika kama unavyosema nyumbani," ujue nimetoka mbali. Zamani nilikuwa na kiburi cha Kiswahili. Mtu wa Tanga, nimepata kazi kwenye chuo kidogo cha ualimu nje ya mji wa Kasulu, chuo ambacho siku hizi hakipo tena, nimezungukwa na Waha ambao nyumbani wanaongea Kiha. Basi nikajiona mfalme.

Mwaka 2013 ikazuka kero ya maegesho. Mwanachuo mmoja, mtoto wa mwenye duka mjini, alianza kuja na gari, akawa analiegesha mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo. Wengine wawili walikuwa na pikipiki, zinaunguruma vipindi vikiendelea. Walimu tukaitwa kikao. Mwenzetu mmoja akaandika: "Magari na pikipiki za wanachuo ziachwe getini." Ilitosha kabisa. Lakini mimi ningenyamaza vipi? Nikasema hiyo lugha ya kijiweni, nikachukua kalamu, nikaandika: "Ni marufuku kwa mwanachuo kuingiza chombo chochote cha usafiri ndani ya geti." Wakacheka, wakasema mtu wa pwani huyo, mwacheni. Nikavimba kichwa. Tangazo likabandikwa getini siku hiyo hiyo.

Darasani kwangu kulikuwa na binti kutoka kijiji cha Kitanga. Miguu yake ilipooza utotoni, akawa anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Baiskeli aliiacha barazani, mlangoni kabisa, akaingia kwa magongo, hatua nne tano tu. Mara nyingi niliweka daftari la mahudhurio juu ya kiti cha baiskeli hiyo nikipapasa funguo mfukoni. Alitaka kufundisha darasa la kwanza. Aliwahi kuniambia kwamba watoto wadogo wanauliza mara moja tu miguu yako imefanya nini, kisha wanasahau.

Baada ya tangazo lile akaanza kuchelewa. Kutoka getini hadi darasani ni mlima wa udongo mwekundu, na mvua zilikuwa zimeanza. Mimi nilikuwa napita njia ya nyuma kutoka nyumba niliyopanga, geti silioni. Niliona baiskeli haipo barazani, nikadhani imeharibika. Kumuuliza? Wapi! Nilikuwa na sheria yangu nyingine, kwamba zikipita dakika kumi nafunga mlango, na nilikuwa naufunga kweli. Yeye alisimama nje dirishani, ameegemea magongo, daftari ameliweka ukingoni mwa dirisha, anaandika. Sketi yake ilikuwa matope mpaka magotini. Nikaendelea kufundisha nikitazama upande wa pili.

Siku moja mkuu wa chuo akaniletea barua ya mwanachuo, akaniambia nisome kisha nimpe maoni. Kwa mazoea nikatoa kalamu nyekundu. Barua ilisema: "Naomba kuacha masomo. Chombo changu hakiruhusiwi kufika darasani. Bila chombo nachelewa, na nikichelewa sifundishwi." Nilitafuta kosa la kusahihisha, sikuliona. Ndipo nikasoma upya, na safari hii nikaelewa nasoma nini. Kalamu nyekundu nikaifunika.

Nikashuka mbio hadi getini. Mlinzi alinisalimia kwa Kiha kama kawaida yake, nami nikamkaripia badala ya kumwitikia. Nikamuuliza kwa nini alimzuia binti wa watu.

"Sikumzuia, mwalimu," alisema. "Nilimwambia pita tu, dada, hii haikuhusu. Akakataa. Akanisomea pale kwenye karatasi: chochote. Akasema mmewafundisha wenyewe, ukishasema chochote hujabakiza kitu."

Ni kweli, nilikuwa nimewafundisha. Wiki ile ile ya tangazo, ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mkuu wa chuo alikubali kubadili tangazo bila hata kikao. Binti alikuwa ameshaondoka, basi kesho yake nikapanda bodaboda hadi kwao Kitanga na karatasi mpya kwenye bahasha. Nilimkuta uani amekaa mkekani, anapukuchua maharage. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, ngozi mpya ndiyo kwanza inaota. Akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akaniomba radhi kwamba hawezi kuinuka haraka kunipa kiti. Nikakaa chini. Nikampa karatasi, nikamwambia arudi, nafasi yake ipo, baiskeli atafika nayo mpaka mlangoni, na mlango sitaufunga tena. Nilimwambia pia kwamba nimekosa, na kwamba neno lile niliandika bila kumfikiria.

"Hilo najua, mwalimu," alisema. "Uliandika kabla hujaniwaza. Hilo halinisumbui."

Akaisoma karatasi yote, polepole, akaikunja. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Pale dirishani, ulikuwa unaniona?"

Ningeweza kusema sikumwona. Labda angerudi, labda leo angekuwa na darasa lake la kwanza mahali fulani, anafundisha irabu. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno yangu mwenyewe.

"Nilikuwa nakuona," nikamjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia karatasi, akaendelea kupukuchua maharage yake.