Nyigu wa Jalada

Kwa miaka mingi jalada la kalenda ya mpiga chapa lilikuwa la Flashi, mwenye studio ya picha nyuma ya posta. Maua yake na maporomoko yake ya maji yalining'inia kwenye kuta za ofisi na vinyozi. Kila alipoingia benki akaiona kazi yake juu ya kichwa cha karani, mabega yalipanda yenyewe.

Siku moja wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikuja studio na simu. Alikuwa fundi cherehani, nao waliishi ua mmoja. Kwenye jicho la simu alikuwa amefunga kwa mpira wa nywele kilenzi cha kukuza vitu alichokichomoa kwenye deki mbovu ya CD.

"Wifi, nitolee hii. Kubwa, tafadhali."

Flashi aliitazama karatasi ikitoka taratibu kwenye mashine. Ilianza miguu yenye vinyweleo kama brashi, likafuata jicho, vijumba vidogo vidogo vimepangwa kama sega la nyuki. Alikuwa sisimizi anakunywa tone la maji, na ndani ya tone, juu chini, limo dirisha zima la chumba cha cherehani pamoja na pazia lake.

Bwana aliyekuwa ameketi wima akingoja kupigwa picha ya pasipoti aliinuka bila ruhusa. "Hebu! Huyu mdudu kafanana na mjomba wangu!"

Mpiga chapa, aliyekuwa amefuata picha za maua za mwaka huo, akachungulia naye. "Nani kapiga?"

"Mimi," alisema wifi. "Nilikuwa nangoja pasi ipate moto."

"Flashi, umepata mwenzio. Basi Ijumaa kila mtu aniletee mdudu wake. Atakayenishtua, jalada lake."

Kijiba cha roho kilimkaa Flashi pale pale. Yeye aliyesomea kazi hii chuoni, ashindanishwe na mtu anayengoja pasi! Jioni alibeba kamera hadi kwenye ua wa michongoma, ambako nyigu walijenga. Kila alipoinama waliruka. Kila alipolenga, jani lilitikisika. Kesho yake hali ikawa hiyo hiyo.

Alhamisi alimfunika nyigu kwa glasi, akamtia kwenye friji, chumba cha barafu. Alipomtoa alikuwa amekufa, amekakamaa. Akambandika miguu kwenye jani kwa gundi, akamdondoshea mgongoni tone la maji kwa bomba la sindano, akapiga picha kwa raha zake.

Ijumaa mpiga chapa alipoiona picha aliruka kwenye kiti. Jalada likabaki kwa Flashi.

Wifi hakununa, na hilo ndilo lililomuudhi Flashi kuliko yote. "Wifi, huyu alitulia vipi? Wangu hawatulii hata niwabembeleze."

"Subira," alisema Flashi. "Unakaa tu. Wanakuzoea."

Kudanganya kwenye kazi ni aibu. Kujivika uvumilivu ambao hukuwa nao, mbele ya mtu anayekuamini, ni aibu kubwa zaidi, na Flashi alilijua hilo huku akitabasamu.

Wifi alilibeba neno lile kama lilivyo. Kila asubuhi, kabla ya cherehani, aligeuza ndoo kando ya michongoma akakaa. Mvua ikinyesha alijifunika mfuko wa nailoni.

"Fundi, nyigu wamekuposa?" majirani walimtania.

"Bado tunachunguzana," aliwajibu.

Flashi alimtazama kutoka dirisha la jikoni, na wivu wake ukageuka sura. Sasa hakuonea wivu picha. Alionea wivu kule kukaa. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umegeuka kweli kwa mwenzake.

Hatimaye wifi alileta nyigu anayefuta jicho kwa mguu wa mbele, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Mpiga chapa aliichukua picha pale pale. Jalada la mwaka uliofuata likapata mwenyewe. Kila aliyempongeza, wifi alimjibu, "Wifi yangu ndiye aliyenifundisha." Flashi alipokea sifa hizo kama mtu anayetafuna ndimu.

"Kesho twende wote," wifi alimwambia. "Nataka nikuone unavyosubiri."

Angekataa vipi? Wakageuza ndoo mbili. Nyigu akatua. Flashi akapeleka lenzi upesi, kivuli cha mkono wake kikamfunika mdudu, akaruka.

"Mwalimu!" wifi alicheka hadi akashika mbavu. "Leo umekuwaje?"

Flashi aliiweka kamera magotini. "Yule wa kalenda alikuwa amekufa. Nilimgandisha."

"Wapi?"

"Kwenye friji."

Wifi alimgeukia polepole, kicheko kimemkauka. "Friji hili letu? La maziwa ya watoto?"

"Hilo."

Flashi alingoja tusi; lingekuwa nafuu kwake.

"Kwa hiyo mvua yote ile..." wifi alianza, kisha akainua kidole. "Shh. Amerudi. Usitikisike."

Nyigu alitembea ukingoni mwa jani akipapasa. Wifi alisogeza simu kwa utulivu ambao Flashi hakuwahi kuwa nao, hata siku za chuo. Roho ilimwuma vile vile. Lakini aliubana mkono wake usitie kivuli, akazuia pumzi mpaka wifi alipomaliza.