Mji wa Guyo na Kiraka cha Komora

Mwanangu, nimekuona unavyobonyeza “Kubali, Kubali” kwenye hiyo kompyuta bila kusoma, nikaikumbuka siku ile ya Garsen, mjomba wako Komora alipotaka kulia mbele za watu. Keti. Chai haijachemka.

Enzi hizo kulikuwa na gemu la vita na miji: unajenga, unalima, unafuga, kisha unamvamia jirani. Komora alilicheza na rafiki yake Guyo, mtoto wa wafugaji, kwenye saiba moja ya kompyuta za kukodi, karibu na steji ya matatu. Mji wao waliujenga pamoja miezi mingi. Guyo alipoondoka na ng'ombe kwenda malishoni, alimshika mwenzake mkono. “Nitunzie mji hadi Idi.” Komora akaapa.

Basi vijana wa Kipini wakaja na kompyuta yao, wanataka mechi. Mashine zikakataa kuungana: gemu letu toleo la zamani, lao jipya. Dawa yake ni kiraka, faili dogo la kulirekebisha gemu kuukuu lilingane na jipya. Komora alikuwa nacho kwenye flashi, alikokiokota sijui.

Mimi na Bibi yetu tulikuwepo, yeye amekuja kuchaji simu. Kompyuta haijui, ila kiherehere anakijua. Nikamweleza tunachotaka kufanya.

“Na mbegu mmeweka kando?” akauliza.

Ndiye Bibi huyo! Kwake Ozi, mpunga wa mbegu ulikaa darini juu ya meko, na ukiugusa unakula mwiko wa mgongoni. Mafuriko yakizoa shamba, huo ndio wa kuanzia upya.

“Bibi, hapa hakuna mpunga,” Komora akacheka.

Mwiko wa Bibi mimi nilikuwa naujua. Nikanakili folda ya mji kwenye flashi yangu kabla Komora hajabonyeza.

Lo! Kiraka kilikuwa cha toleo jingine kabisa. Nyumba zikaelea hewani, ng'ombe wakatembea miguu juu, kisha kioo kikawa cheusi tii. Wa Kipini wakaangua kicheko. Idi ilikuwa keshokutwa.

“Nitamwambia nini Guyo?” Komora akasema, machozi yanamlengalenga. Nilimhurumia, wallahi.

Tukaling'oa gemu lote, tukalipakia upya. Safari hii tukasoma nambari ya toleo pale ukurasa wa kwanza, tukatafuta kiraka cha nambari hiyo hiyo kwa waliolitengeneza gemu, tukakijaribu kwanza kwenye mji wa bure bure. Ndipo nikarudisha mbegu. Mji ukafunguka, mzima.

Idi ikafika, Guyo akaketi, akaukagua mji. Komora anajisifu tu alivyoutunza.

“Komora, malisho yangu yako wapi?”

Yote mahindi! Ndugu yangu alikuwa amelima hadi mlangoni mwa zizi, na nakala yangu imehifadhi kila bua. Guyo akamkalisha ang'oe shamba moja moja, yeye anakunywa soda. Huku anang'oa, Komora akamsimulia yote, kiraka na mbegu ya Bibi. Guyo akauliza, “Nani aliweka mbegu?”

Sasa nisikie. Sokoni Garsen hakuna anayenunua ng'ombe bila kumpanua mdomo aone meno. Nawe ujue toleo ulilonalo kabla hujalitia dawa, kiraka ukichukue kwa wenyewe, na mbegu ikae kando. Tena ukikabidhiwa mji wa mwenzio, usimlimie malisho.

Mungu akupe kidole kizito cha kubonyeza, na akupe mwenzi asiyeweka kinyongo, kama huyo Guyo, aliyeuliza swali lile mpaka akafika kwetu na posa. Haya, kamwite baba yako, chai tayari.